Aliyeshika Turubai Upande wa Pili

Jioni ile nilikuwa nimemkasirikia mdogo wangu, Elina. Jua lilishazama nyuma ya migomba, ukungu ulikuwa unapanda kutoka mtoni, na kahawa yetu bado ilikuwa wazi mezani. Kwetu Mbozi kahawa ikilala kwenye umande imeharibika, kwa hiyo kila jioni tunaifunika turubai. Meza ya kuanikia ni ndefu, hatua thelathini. Mmoja anashika huku, mwenzake kule, mnavutana.

Bibi Ketrina alikuwa na sharti moja tu. "Giza likiingia, mezani hatuitani majina. Sema 'vuta', basi." Hakutueleza sababu, na mimi na Elina tulimcheka chinichini.

Nilikunjua turubai upande wangu. Kule mwisho niliona ukungu tu, lakini nilihisi turubai limeshikwa.

"Vuta," nikasema.

Turubai halikusogea.

Mimi hasira zangu ziko karibu. "Elina! Si nakwambia vuta!"

"Abee, dada."

Turubai likavutwa taratibu, likanyooka vizuri kuliko siku zote. Kisha ikanijia harufu ya udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi.

"Dada, nisamehe. Nimechelewa kisimani."

Sauti hiyo ilitoka nyuma yangu.

Nikageuka. Elina alikuwa amesimama na ndoo kichwani, anahema. Na turubai mikononi mwangu lilikuwa bado limekazwa.

Nikaliachia. Nikamshika Elina mkono, tukakimbia hadi ndani, maji yote yakamwagika njiani.

Bibi aliposikia hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Ulimtaja jina?" akanong'ona.

"Ndiyo, bibi."

"Akaitika?"

"Aliitika."

"Basi ameshalichukua. Yule hana jina lake. Ndiyo maana anangoja pale."

Nikamwuliza tutalirudishaje. Bibi akasogeza kuni motoni. "Sijamwona aliyerudishiwa, mjukuu wangu."

Kesho yake mama alimwita Elina mara tatu, na Elina alikuwa pale pale, hakugeuka. Siku ya tatu sauti yake ikakauka kabisa. Zahanati walimwangalia koo wakasema liko salama. Kanisani walimwombea. Shuleni mwalimu akisoma mahudhurio anamruka, wala hajui kama amemruka. Mama haamini maneno ya bibi, anasema ni mafua ya baridi.

Mimi kila jioni naenda mezani peke yangu. Nasema, chukua langu, naitwa Ikupa, mrudishie mdogo wangu. Nalia mpaka nachoka. Hakuna anayeitika.

Jana tulikuwa tumekaa jikoni, Elina ameniegemea begani. Amekuwa mwepesi, karibu simhisi. Mama alikuwa chumba cha pili anapanga vyombo. Akaita kwa mazoea tu.

"Elina! Njoo ule!"

"Abee, mama. Nakuja."

Sauti ilitoka nje, kule kwenye meza ya kahawa.

Elina akanibana mkono. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nje nikasikia nyayo zinakuja, polepole, na ile harufu ya udongo ikaingia chini ya mlango. Nilitaka kupiga kelele, lakini mama alishaanza kucheka kwa furaha.

"Jamani, mwanangu amepata sauti! Ingia ndani, Elina, ingia. Huko nje kuna baridi."