Handaki la Wazazi

"Usiingie mpaka tukuruhusu," redio ilikoroma.

"Ruhusa ya handaki hilo naitoa mimi," akajibu Dakta Pan Yu-chen, akazima pikipiki yake ya SYM.

Saa nane mchana, Taitung, mashariki mwa Taiwan. Wanafunzi walimjua kama mtaalamu wa popo. Watu watatu tu Taipei walijua kazi yake nyingine ya upelelezi.

Kakakuona arobaini walikuwa wameibwa milimani. Meli ya magendo ingeng'oa nanga saa kumi. Kila ghala lilikuwa limepekuliwa isipokuwa handaki hili la reli ya zamani, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amepiga marufuku mtu kuingia mwezi huu wa sita. Popo wanazaa. Ukiwashtua, mama anaruka na kichanga kinadondoka.

Akikosea leo, ataua vichanga mia tano kwa mkono wake.

Mlangoni alikaa Mzee Hsieh Chin-mu, mlinzi wa kujitolea ambaye Yu-chen mwenyewe alimfundisha kazi miaka tisa iliyopita.

"Mwalimu, umeshakula?"

"Bado, mjomba. Popo wazazi wetu wanaendeleaje?"

"Wamejaa tele. Mimi nachungulia tu, siingii. Si amri yako hiyo?"

Yu-chen alitaka sana kumwamini.

Kisha akaona miguuni pa mzee dawa ya mbu ikifuka, na upepo ukiuvuta moshi wote ndani.

Mwenye popo wachanga hathubutu kuchoma kitu hapo. Lilikuwa somo la siku ya kwanza.

"Mjomba, popo wako hawakohoi?"

Chin-mu akaitazama ile dawa. Mkono wake ukateleza kuelekea panga la kukatia mianzi lililokuwa kando yake.

Bastola ya Yu-chen, Walther, ilikuwa imeshamwelekea kifuani.

"Liache hapo hapo."

Akaliacha. Yu-chen akamfunga pingu, akaingia handakini.

Hakukuwa na mlio hata mmoja. Vizimba vilipangwa ukutani, kakakuona wamejikunja ndani, hai. Juu, dari tupu. Chini, vichanga vya popo vilivyokauka, vidogo kama njugu. Yu-chen akapiga goti. Roho ilimuuma vibaya.

"Mzigo?" redio ikauliza.

"Arobaini, wote hai. Kamateni meli, na mtume watu hapa wamchukue mlinzi."

"Na popo?"

"Hakuna popo."

Nje, mzee alikuwa analia.

"Waliniambia ni wiki moja tu, Mwalimu. Tukawafukiza kidogo. Mama zao watarudi, watazaa tena, au siyo?"

"Kila mama anazaa mtoto mmoja kwa mwaka, mjomba. Wa mwaka huu umewaua wewe."

Akavaa kofia yake ya pikipiki, akaondoka bila kugeuka.