Likizo ya Hiza

Stendi ya Korogwe ilikuwa imefurika mabasi ya Arusha, na Naisenya alikuwa akigombana na kondakta. Kondakta alitaka katoni ya chanjo za mifugo ikae juu ya keria, naye Naisenya akamweleza kwamba ikipigwa na jua mpaka Handeni itafika maji ya kunawia. Ndipo akaingilia kijana mmoja, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakaribia kusimama lenyewe, tai nyekundu shingoni. Alimnong'oneza kondakta, na katoni ikapewa kiti cha mbele kama mgeni wa serikali.

"Umemwambia nini?" Naisenya aliuliza.

"Kwamba wewe ni mke wangu, na ukikasirika mimi ndiye ninayelala njaa."

Lilikuwa neno la kipuuzi, tena la mtu asiyemjua. Naisenya alicheka, na alipocheka mambo yakawa yameshaharibika.

Kijana aliitwa Hiza, mtoto wa Bungu kule milimani, keshia wa benki mpya pale mjini. Ilikuwa miaka ile mabenki ya watu binafsi yalipoanza kufika wilayani, na kila mwenye ng'ombe wawili akaambiwa afungue akaunti. Naisenya alikuwa binti wa wafugaji wa Mkata, mrefu, gauni la kitenge cha kijani na shanga za mama yake shingoni. Aliuza dawa za mifugo kwenye duka karibu na soko.

Mapenzi yalishika kasi. Jioni Hiza alimpitia dukani wakala mishikaki, akamtania kwamba ananukia dawa ya kupe, naye akamjibu kwamba ndiyo maana wanaume wengine hawamgandi. Kabla ya kulala walibipiana, maana vocha zilikuwa ghali. Kuhusu kazi yake Hiza alijivuna waziwazi. Alikuwa mfanyakazi bora wa tawi miaka miwili mfululizo, hajawahi kuugua, hajawahi kuomba ruhusa hata ya msiba. Meneja wake, Bwana Laurenti, alimpa redio mbele ya wenzake, nao wakapiga makofi. Mzee Lomayani, baba yake Naisenya, aliposikia sifa hizo alipeleka fedha zote za madume aliyouza kwenye benki ileile, kwa sababu mchumba wa binti yake alikuwa humo.

Tatizo lilikuwa moja. Kwao Naisenya mkwe hakubaliwi kwa sifa. Hufika mwenyewe, akakaa siku kadhaa, akaonekana anavyokula na anavyoamka. Hiza alikubali kila kitu isipokuwa hizo siku. Alitanguliza mitamba sita kutoka mnada wa Handeni, mizuri kiasi cha kumfanya mzee atabasamu wiki nzima, lakini mwenyewe hakutia mguu.

"Una mke Bungu," Naisenya alimwambia.

"Sina mke popote, laazizi. Nina dirisha la benki tu."

"Basi lioe hilo dirisha."

Naisenya alilia siku tatu bila kupokea simu za Hiza. Kisha akavaa gauni lake zuri akaenda kwa Bwana Laurenti, akamwamkia shikamoo, akamwombea mwanaume wake likizo. Aliomba pia isijulikane ni nani aliyekuja kuomba. Meneja aliona aibu. Makao makuu yalikuwa yameagiza kila keshia akae mbali na dirisha lake wiki mbili kila mwaka, naye alikuwa amelipuuza agizo hilo, kwani nani anamfukuza kazini mtu anayependa kazi? Alisaini siku ileile.

Hiza aliipokea likizo kama taarifa ya kifo. Alijaribu kuikataa, meneja akacheka. Naisenya alidhani anaogopa wakwe, akazidi kumpenda.

Siku za mwanzo kule Mkata, Hiza alikuwa akipanda kila mara kilima cha nyuma ya boma kutafuta mtandao. Baadaye akatulia. Alikamua ng'ombe vibaya, watoto wakamcheka, mzee akaanza kumwita mwanangu. Asubuhi moja Mzee Lomayani aliondoka kimya. Alimnong'oneza binti yake tu: anakwenda Korogwe kuchukua fedha, amshonee mkwe suti ya harusi.

Mchana Naisenya alipokuwa kilimani akitazama mitamba, simu yake iliita.

"Uko peke yako?" Sauti ya baba ilikuwa chini sana.

"Niko peke yangu, baba. Shikamoo."

Mzee alimpa simu Bwana Laurenti, na Bwana Laurenti akaeleza. Wafugaji huweka fedha, kisha huhama na mifugo, mwaka mzima hawaonekani. Hiza alizichota, akipiga dole gumba lake mwenyewe pale lilipotakiwa la mwenye fedha. Mwenyewe akitokea, alimlipa kwa kuchota ya mwingine. Mchezo ulihitaji jambo moja tu, dirishani asikae mtu mwingine. Akaunti ya Mzee Lomayani ilikuwa tupu, na mara ya mwisho kuchotwa ilikuwa wiki ile mitamba iliponunuliwa.

Baba akarudi kwenye simu. "Usimwambie. Mpe chakula, kaa naye. Tunakuja na askari."

Naisenya alishuka kilima taratibu. Alimpenda yule mtu mpaka pumzi ilimuuma. Kutoka pale hadi barabara kuu mtu anatembea tu, na mabasi ya Dar hayaishi kupita. Aliamua moyoni kwamba Hiza akisema ukweli kwa kinywa chake mwenyewe, atamwonyesha njia ya mkato, hata kama baba atamuua yeye Naisenya kwa hilo. Alimmiminia maziwa kwenye kibuyu akampelekea kivulini.

"Hiza, kuna kitu hujaniambia?"

"Kipo. Kwamba ukinuna unapendeza zaidi."

"Nasema kweli. Chochote ulichofanya, niambie leo, mimi nitakisamehe."

Hiza alimtazama, na kwa kitambo kidogo midomo yake ilitaka kufunguka. Kisha akatabasamu, tabasamu lile la stendi.

"Sina siri na wewe, mke wangu."

"Ile mitamba uliipataje?"

"Kwa jasho langu," Hiza alisema, akanywa maziwa.

Naisenya aliketi kando yake akamwegemea begani, na hakuuliza tena. Walikaa hivyo mpaka Landrova ya polisi ilipoingia bomani. Hiza hakukimbia. Alimtazama mzee akishuka, akaweka kibuyu chini taratibu.

Bwana Laurenti, aliyekuja nao, alijaa furaha ya mtu aliyeokoa kazi yake. Akatangaza mbele ya wote kwamba anayestahili shukrani ni binti huyu, kwani ndiye aliyefika ofisini kuomba Hiza apewe likizo, na bila yeye wizi ule usingegundulika.

Hiza alimgeukia Naisenya, pingu mikononi.

"Kumbe ulitumwa," alisema. "Mwaka mzima, Naisenya. Na leo umeniegemea hapa huku unajua."

Naisenya angeweza kumwambia. Kwamba aliomba likizo kwa sababu ya mapenzi, kwamba alikuwa tayari kumtorosha. Kisha akaitazama mitamba, akamkumbuka baba yake alivyotabasamu wiki nzima kwa fedha zake mwenyewe.

"Nilitumwa," alisema. "Na walinilipa vizuri."

Hiza aliinama, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Naisenya alimwona analia. Askari walimpakia garini.

Mzee Lomayani alimsogelea binti yake, akamwekea mkono kichwani, akasema mbele ya watu kwamba Mungu alimpa mtoto wa kike mwenye moyo wa kiume. Watu waliitikia. Naisenya alibaki ameinamisha kichwa, akiomba mkono ule usiondoke mpaka gari lifike mbali, wasije wakamwona uso.