Kilio Kwenye Giaboksi

Cleophas alikuwa fundi magari pale Kibondo, mtu wa maneno machache. Yaliyompata, majirani zake bado wanayasimulia kwa sauti ya chini.

Siku ilianza kama siku nyingine. Ukungu ulikuwa umeshapanda vilimani, na mkewe Aneth ameketi barazani akichambua maharage, magongo yake kando. Mwaka juzi bodaboda iliyokuwa ikimrudisha kutoka kliniki iligongwa na lori. Aneth alikatwa mguu wa kushoto. Mwanawe wa pekee, Nadine, aliyekuwa bado wa mgongoni, walimzika. Tangu hapo Aneth aliongea akiulizwa tu.

Zamani alipenda kuendesha pikapu yao kuukuu, akipeleka mihogo sokoni. Sasa klachi angeikanyaga na mguu gani? Ndipo Cleophas akaamua kung'oa gia ya mkono na kufunga otomatiki, ambayo mguu wa kulia peke yake unaiweza.

Giaboksi aliipata Kasulu, kwa Khatibu, muuza spea za magari yaliyopata ajali. Ilikuwa ya gari jipya, bado inang'aa.

"Imetoka kwenye gari gani?"

"Gari zuri tu, fundi," alisema Khatibu, akitazama pembeni.

Kazi ilimtoa jasho. Propela ya kuzungusha magurudumu ya nyuma haikulingana, akaikata. Akachomelea kishikizo kipya, akaunga nyaya, akapitisha mabomba ya oili hadi kwenye rejeta. Mwisho akang'oa pedali ya klachi na kuitupa uani.

"Mama Nadine," aliita, "njoo uendeshe."

Aneth alikanyaga breki, akavuta gia kwenye D. Pikapu ikaondoka taratibu. Walipoingia barabara kuu, akacheka. Cleophas hakuwa amekisikia kicheko kile tangu msiba. Akageukia dirishani ili mkewe asimwone machozi.

Hapo ndipo alipokisikia. Chini ya sakafu, katikati ya viti, kitu kilikuwa kikilia. Sauti nyembamba, ikipanda na kushuka.

"Oili imepungua," alisema.

Waliporudi alichomoa stiki ya kipimo. Oili ilikuwa imejaa. Akabadilisha chujio, kilio kikazidi. Kila Aneth alipovuta gia kwenye D, kilianza. Akipunguza mwendo, kiligeuka kwikwi.

"Si oili, baba Nadine," Aneth alinong'ona. "Hiyo ni njaa. Mimi ni mama, kilio cha njaa nakijua."

Mchana mmoja alimkuta ameketi ndani ya pikapu. Injini imezimwa, lakini kilio kilisikika. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Cleophas mwenyewe. Aneth ameinama, kiganja chake juu ya sakafu, akibembeleza kwa Kiha, kama anayemnyamazisha mwanawe.

"Hora, hora, mwana wanje."

Kilio kikapungua. Kikakoma. Kisha, chini kule, kitu kikashusha pumzi kama mtoto aliyepitiwa na usingizi.

Cleophas alimpigia simu Khatibu. "Niambie ukweli."

Khatibu akaungama. "Gari lile lilipinduka konani, kabla ya kufika Kabanga. Wazazi walipona. Kichanga chao kilibanwa sakafuni, pale juu ya giaboksi. Watu walihangaika kukitoa kwa mikono. Walikisikia kikilia, kikilia, mpaka kikanyamaza. Nisamehe, ndugu yangu."

Jioni alimweleza mkewe yote. "Kesho naishusha. Yule si Nadine, mke wangu."

Aneth alimgeukia. Hakuwa na hasira. "Mtoto akilia, kwanza unauliza ni wa nani?"

Cleophas alisogeza kiti karibu. Alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Asubuhi alikwenda Mabamba kuazima winchi ya kushushia giaboksi. Aliporudi, pikapu haikuwepo.

"Mkeo ameondoka zamani," alisema jirani yao Ndayikeza. "Ameshika njia ya Kasulu. Alikuwa anaimba."

Hakuhitaji kuuliza alikokwenda. Alisimamisha lori, akamsihi dereva ampeleke. Mvua ilikuwa ikinyesha. Kabla ya Kabanga, kwenye kona, pikapu ilikuwa imeegeshwa vizuri pembeni mwa barabara. Injini ilikuwa inaunguruma. Gia ilikuwa kwenye P. Vioo vilikuwa vimejaa mvuke kwa ndani.

Chini ya sakafu, kimya.

Aneth alikuwa ameegemea kiti, macho ameyafumba. Hakuwa na jeraha hata moja. Mikono yake ilikuwa imekunjwa kifuani kama ya mtu aliyepakata. Hapakuwa na kitu mikononi.

"Mama Nadine." Alimtikisa taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu mwingine. "Mama Nadine, twende nyumbani."

Alikuwa amekwisha kupoa. Cleophas alilaza kichwa kwenye mapaja yake, akalia mpaka dereva wa lori akaja kumwinua.

Daktari alisema moyo ulisimama.

Siku ya mazishi wanawake walijifungia na mwili kuuosha. Baada ya muda shangazi wa Cleophas, Loyce, akatoka peke yake, mikono ikichuruzika maji. Alimvuta Cleophas nyuma ya nyumba.

"Mwanangu, mkeo alikuwa ananyonyesha?"

"Amnyonyeshe nani, shangazi? Nadine si tulimzika mwaka juzi?"

Loyce aligeuka kuangalia mlango. Akanong'ona.

"Ana maziwa. Titi moja limejaa, linatiririka." Akafuta mikono kwenye kanga. "La pili limenyonywa mpaka likaisha."