Mbwa wa Bwana Mkubwa

Soko la Daraja Mbili lilikuwa limefurika, na Ombui alikuwa akimburuta mbwa wake kama gunia la viazi. Suti ya samawati, viatu vya kung'aa, manukato ya kukohoza watu. Mbwa, Jenerali, akajilaza mbele ya akina mama wa ndizi, akagoma kuinuka.

"Inuka bwana! Unaniaibisha."

Mwanamke wa gauni la kijani akachuchumaa, akafunua midomo ya mbwa. "Fizi zimekuwa nyeupe hivi, na wewe unaona aibu tu? Anakojoa rangi gani?"

"Kama chai ya rangi. Kwani wewe ni nani?"

"Mitchell Apondi, daktari wa mifugo. Nashuku ugonjwa wa kupe."

"Kupe? Madam, huyu ni mbwa wa Kijerumani!"

"Kupe haulizi ukoo, baba."

Kwenye kliniki yake, Apondi alitoa tone la damu sikioni, akalitia rangi, akamwonyesha Ombui kwenye hadubini: ndani ya chembe nyekundu za damu, vijidudu viwili viwili, vimechongoka kama matone ya maji. "Hivi ndivyo vinavyopasua damu yake." Akamdunga mbwa sindano. Jenerali akapona, na Ombui, muuzaji wa vinyago vya mawe laini kutoka Tabaka, akawa hapitishi jioni bila kumpigia Apondi simu.

"Mrembo wangu, umekula?"

"Nimekula. Umempulizia dawa ya kupe?"

"Mimi nimekumisi, wewe unauliza kupe!"

"Ombui."

"Nimempulizia, mpenzi."

Uongo mtupu. Alishawatangazia majirani kuwa mbwa alilishwa sumu na wenye wivu. Sumu ni heshima. Inaonyesha una mali. Nani angemwonea wivu mtu wa kupe? Jenerali alipougua tena, bwana mkubwa akasema dawa ya Apondi ilikuwa mbovu.

Maneno yakamfikia Apondi. Usingizi ukampotea: je, alikosea kipimo? Mchana mmoja akaenda nyumbani kwa Ombui, Nyanchwa, bila kupiga simu. Jenerali alikuwa nyuma ya nyumba, hoi, kupe wamejaa masikioni kama kunde. Akatoa tone la damu, akalipima kwa hadubini ndogo ya mkobani: vijidudu vilevile.

"Ulinichafulia jina kwa sababu ya hawa?" akamuuliza Ombui, aliyekuwa ametoka ndani.

"Watu wangenicheka, sweetie."

"Basi ungeacha mbwa afe, mradi usichekwe!"

Akambeba mbwa, akaondoka naye, akamuuguza mpaka akasimama.

Ombui akaja kliniki na pete, wateja wamejaa. Akapiga goti. "Apondi, nisamehe. Nataka kukuoa."

Apondi alimpenda bado, mjinga huyu. "Sawa. Waambie hawa watu nini kilimuumiza Jenerali."

Ombui akageuka. Jirani yake Drusilla alikuwa kwenye benchi, amekodoa macho. Ombui akakohoa. "Tuongee nje, mpenzi."

"Nje utaenda peke yako. Mbwa anabaki."

Ombui akaenda zake. Apondi akalia kidogo akinawa mikono, kisha akafungua mlango: "Anayefuata!"