Aliyetangulia Kusema Amina

Jioni ile nilikuwa uani naanua nguo. Wingu lilikuwa limejikusanya na giza linaingia, kwa hiyo nilikuwa na haraka. Mashuka begani, vibanio mkononi. Nikasikia mtu anabisha hodi mlango wa mbele.

"Karibu," niliitikia bila hata kugeuka.

Ningegeuka kwa nini? Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na wateja wangu huingia na kutoka kutwa nzima. Ukitaka kumchungulia kila anayebisha, utashona saa ngapi?

Nilipoingia sebuleni hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umerudishwa vizuri. Kulikuwa na harufu tu... udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa muda huo huo.

Kitindamimba wangu, msichana mkubwa sasa, alikuwa amekaa kwenye cherehani akifumua pindo la gauni la mteja. Aliinua macho.

"Mama, mgeni wako amepitiliza chumbani. Mbona hukumwambia akae hapa?"

"Mgeni gani?"

"Sikumwona uso. Amepita nyuma yangu."

Niliingia chumbani, nikatazama nyuma ya pazia, nikainama mpaka uvunguni. Hakuna mtu. Nikamtania kwamba njaa imeanza kumwonyesha mambo. Hakucheka.

Tukala, tukakaa kusali kama kawaida yetu. Kanisani wananiita Mama Maombi, na jina hilo sikuokota barabarani. Mgonjwa akizidiwa, naitwa. Nikisimama kuomba, hata watoto wanaosumbua wananyamaza. Nikaanza na maneno yangu ya siku zote: Baba mwema, tunakushukuru kwa siku hii uliyotujalia...

"Amina."

Ilitoka chumbani.

Binti yangu alinishika mkono kwa nguvu. Nikaanza upya. Safari hii yule wa chumbani hakungoja nimalize. Aliomba pamoja nami, neno kwa neno, kisha akanipita. Akawa yeye anatangulia, mimi nafuata. Na sauti ilikuwa yangu, pamoja na ule mkwaruzo wangu wa koo.

Tangu hapo binti yangu hakulala tena. Akifumba macho tu, anasikia mtu anaomba sikioni mwake. Macho yalimwingia ndani, akawa hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano. Niliona kabisa kwamba mtoto ananiponyoka. Nilifunga, nilikesha, nilipiga magoti mpaka yakavimba. Lakini kila nilichotaka kumwambia Mungu kilikuwa kimeshasemwa chumbani, tena vizuri kuliko nilivyokisema mimi. Nikaanza kujiuliza Mungu anamsikia nani kati yetu. Swali hilo lilinitesa kuliko ile sauti.

Nikaita kanisa. Mchungaji alikuja na akina mama wa kikundi chetu, wakaomba wote kwa pamoja, kila mmoja kwa sauti yake, mpaka jasho likawatoka. Chumbani kimya. Kisha Mchungaji akachukua mafuta, akapaka miimo ya kila mlango na kila dirisha, hakuacha hata kijidirisha cha jikoni.

"Hapa sasa halipiti jambo," alisema akijifuta mikono. "Mafuta haya usiyafute, Mama Maombi. Pumzika sasa."

Tulikunywa chai, tukacheka kidogo. Wakaondoka.

Kesho yake, jua likizama, nilikuwa nashona. Binti yangu alikuwa kwenye kochi, macho wazi, anatazama dari. Ile harufu ikarudi. Halafu...

"Hodi."

Mdomo wangu ulitaka kuitika wenyewe. Niliuziba kwa kiganja.

"Hodi."

Haikutoka nje. Ilitoka ndani, upande wetu wa mlango, pale penye kitasa. Hapakuwa na mtu. Kitasa kilikuwa kinatikisika polepole.

"Mama," binti yangu alinong'ona, "anataka kutoka. Mmemfungia na sisi."

Niliinuka kwenye cherehani. Ni kweli. Tulikuwa tumeziba njia ya kila kitakachokuja, na katika wazoefu wote wale wa maombi hakuna aliyeuliza ni nini kilichokuwa kimeshaingia.

Nikapiga magoti. Nikatafuta neno. Baba mwema... hilo alikuwa amelichukua. Tunakushukuru... hilo pia. Kila neno nililolishika lilikuwa limeshapita kinywani mwake. Nilibaki mdomo wazi, mwanamke mzima, nimeishiwa. Sijawahi kuwa mnyonge vile mbele za Mungu. Sikuwa na cha kumpa isipokuwa ule ububu, nikampa huo huo.

Kitasa kikatulia.

Yule wa mlangoni alikuwa ananisikiliza. Alikuwa anangoja nianze.

Sikuanza. Nilikaa vile vile, na hofu haikuondoka, lakini chini ya hofu nikakuta amani. Nilijisikia kama mtoto aliyebebwa mgongoni, asiyeulizwa anakwenda wapi. Mungu alikuwa ananijua hata bila sauti yangu. Miaka yote ya kuomba kwa ufasaha sikuwahi kulijua hilo.

Nikainuka, nikachukua kipande cha kitambaa, nikafuta mafuta kwenye miimo. Mkono ulikuwa mzito. Niliona kama namkosea Mungu mwenyewe. Nikafungua mlango.

Baridi ilinipita kifuani. Harufu ikakatika.

Nilipogeuka binti yangu alikuwa amelala, anakoroma. Nilikaa chini karibu naye, nikalia kwa furaha.

Jumapili tulikwenda kanisani wote wawili. Nilikuwa sijaomba kwa sauti tangu jioni ile, na sikuwa na hamu. Mchungaji akasema, "Mama Maombi atuongoze." Vichwa vikainama. Mimi sikusimama. Nilifumba macho, mikono mapajani, nikakaa na Mungu wangu kimya. Ile amani ilikuwepo. Nilitamani isiishe.

"Amina," kanisa zima likaitika.

Nikafumbua macho. Mama wa benchi la mbele alikuwa amegeuka, machozi yanamtiririka.

"Leo umeomba, mama," alisema. "Hujawahi kuomba hivi."

Nilimtazama binti yangu. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega. Yeye alijua kwamba sikufungua kinywa. Uso wake ulikuwa umepata nyama tena, macho yametulia. Aliinamia sikio langu.

"Usiwaambie, mama," alininong'oneza. "Akibaki na hawa, sisi tutalala."

Mbele, Mchungaji alikuwa anasema niwaongoze tena. Vichwa vikainama tena. Nikafumba macho kumtafuta Mungu, na safari hii nilikuwa na jambo la kumficha.