Sekunde Nane za Noemi

Marubani wana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawawezi kusimulia bila mikono. Mkono wa kulia ni ndege yao, wa kushoto ni ya mwenzao, na wewe uliye karibu utajijua. Ndivyo Noemi Tanabe alivyomwagiwa juisi ya muwa Jumamosi moja ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, mbele ya banda la pasteli, zile sambusa pana za kukaanga, katika soko kuu la São José dos Campos, Brazili. Gauni lilikuwa jeupe, la kitani, na ndiyo siku aliyolivaa kwa mara ya kwanza.

"Mama yangu!" mwanamume akaruka. "Samahani, dada. Samahani sana. Sikukuona."

"Hukuniona? Na ukubwa wangu wote huu?"

"Nilikuwa nimegeukia kushoto..."

"Nimeona. Ulikuwa unampitia mwenzio kwa chini." Noemi alikuwa akilikung'uta gauni kwa hasira. "Na huo mkono wa kushoto ulikuwa karibu mno. Kwa kasi ile nyote wawili mmeshakufa, mnasubiri kuzikwa tu."

Watu kwenye foleni wakacheka. Yule mwanamume akaishusha mikono yake polepole, akamtazama vizuri. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, shati la bluu lililokunjwa mikono, miwani ya jua imening'inia kwenye kola kana kwamba jua la siku hiyo halimhusu.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Mwenye gauni."

"Na zaidi ya gauni?"

"Zaidi ya gauni nina njaa. Nilikuja kula pasteli ya jibini, sasa nanuka muwa kama punda wa shambani."

Aliitwa Adauto Peçanha, meja wa jeshi la anga, rubani wa majaribio. Noemi alikuwa injinia katika kiwanda kilekile kilichokuwa kikitengeneza ndege mpya aliyoirusha; walikuwa wakipita mlango mmoja kwa miezi saba bila kujuana. Walikula wamesimama, mafuta yakiwatiririka vidoleni. Walipomaliza, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwaheri.

Kazi ya Noemi ilikuwa kuzifanya ndege zinong'onezane. Ndege ya kivita ya siku hizi haipigani peke yake. Mmoja anakaa nyuma, amewasha rada. Mwenzake anazima kila kitu, anajipenyeza mbele kimya kimya, na yote anayoyaona wa nyuma yanatokea kwenye skrini ya wa mbele. Adui anamsikia huyu, anapigwa na yule. Ujumbe wote huo unaoruka kutoka ndege hadi ndege, Noemi ndiye aliyeuandikia njia.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kufikia mwezi wa saba, baridi ilipoingia na Noemi akaanza kuvaa koti jeusi la sufi na skafu nyekundu, kiwanda kizima kilikuwa kimeshajua. Simu za Adauto zilianza alfajiri.

"Umekula, Injinia?"

"Nimekula. Mkate na kahawa."

"Hicho chakula cha mgonjwa. Unaumwa?"

"Naumwa na wewe. Acha kunipigia saa kumi na moja na nusu, nina majirani."

"Majirani wamelala?"

"Walikuwa wamelala."

Hawakujua kutulia, hawa wawili. Yeye Adauto hata akiwa amekaa mguu ulikuwa ukicheza chini ya meza. Noemi naye alikuwa na tabia ya kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Jumapili moja, kwenye kibaraza cha Noemi, wakila wali na maharage meusi, Adauto akasukuma sahani.

"Alama ya Brandão inanikera," akasema. Brandão ndiye rubani aliyekuwa akiruka naye. "Kwenye skrini ipo, haipo, ipo, haipo. Kama taa za Krismasi."

"Akiilaza ndege, tumbo linaziba antena, ujumbe haufiki. Skrini inakisia alipo kwa sekunde mbili, kisha inakiri ukweli, inamfuta."

"Ukweli gani wa kupepesa? Ikisie kidogo zaidi. Kwa ajili yangu."

"Andika ombi, lipitie kamati."

"Kamati itakaa mpaka niote mvi. Kipenzi, ni kitu kidogo tu."

Jumatatu Noemi akakaa kwenye kompyuta, akafuta mbili, akaandika nane. Mabadiliko ya mashine ya kivita hukaguliwa na macho ya watu sita, lakini yale ya sura ya skrini, kama rangi ya herufi, hupita haraka. Kwenye fomu akaandika: kutuliza skrini. Alifurahi kama mwanamke aliyemshonea mpenziwe kifungo cha shati.

Majaribio yalikuwa Jumanne ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi, mbingu safi. Adauto mbele, rada imezimwa. Brandão nyuma, akimtumia picha. Noemi alikuwa chumba cha kuongozea, ameziba masikio kwa vipokea sauti, akitazama alama mbili za kijani zikitembea kwa utulivu mkubwa. Hakuna iliyopepesa.

Ndipo sauti ya Brandão ikapasuka masikioni mwake. "Adauto! Juu yangu! Juu yangu!"

Halafu pumzi tu, za watu wawili wanaohema.

Walipishana kwa mita thelathini. Wote walitua salama. Adauto aliposhuka ngazi, Noemi alimwona kwa mbali akivua kofia, akashika gurudumu la ndege kama mlevi anayeshika nguzo. Alitaka kukimbia amkumbatie. Haikuruhusiwa. Baada ya tukio kama lile, sheria ya pale ni moja: waliohusika hawasemezani mpaka kila mmoja atoe maelezo yake mbele ya tume ya uchunguzi. Mchana bosi wake akamletea karatasi ya kawaida. Taa ya hitilafu haikuwaka popote, na karatasi ilikuwa na sentensi moja: mfumo ulifanya kazi kama ulivyoandikwa. Noemi akatia saini, moyo wake uko uwanjani.

Jumatano mchana simu ikalia. Adauto alikuwa amevunja sheria.

"Nijibu kitu kimoja tu. Ile karatasi umeisaini wewe?"

"Adauto, haturuhusiwi..."

"Umeisaini?"

"Nimeisaini. Lakini..."

"Mashine ni nzima, basi mbovu ni mimi. Wameshaninyang'anya ndege, Noemi. Nilimwona Brandão kushoto! Niliona kwa macho yangu, kwenye skrini, kushoto kabisa, nikapanda juu palipokuwa patupu. Na wewe, wewe mwenyewe, ukaniandika mwongo."

"Sikukuandika..."

Simu ikakatwa. Akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena. Akazunguka ofisi nzima akipanga kalamu ambazo hazikuhitaji kupangwa, maneno ya Adauto yakimzunguka kichwani. Kushoto kabisa. Akaketi, akafungua kumbukumbu za ndege zote mbili, akazilaza moja juu ya nyingine.

Brandão alikuwa amekata kulia, tumbo la ndege likaziba antena. Ujumbe ukakatika. Na skrini ya Adauto, kwa sekunde nane nzima, ikaendelea kumchora Brandão akienda zake mbele, kijani kibichi, bila hata kufifia. Adauto hakudanganya. Alipanda juu palipokuwa patupu, na patupu hapo alikuwa amepatengeneza Noemi. Mfumo ulifanya kazi kama ulivyoandikwa.

Siku mbili alibeba jambo lile kama mtu aliyemeza jiwe. Kulisema ni kujimaliza. Kulinyamazia ni kummaliza Adauto, na mtu yule bila ndege angekufa huku anatembea. Ijumaa asubuhi alivaa suti ya kijivu, akabana nywele, akaingia mbele ya tume.

"Sekunde nane ni zangu," akasema kabla hajaulizwa. "Meja Peçanha aliona alichoonyeshwa. Na mimi ndiye niliyemwonyesha."

Kanali Sampaio, mwanamke mnene mwenye miwani midogo, aliyekuwa mwenyekiti, akaweka kalamu chini. "Nani alikuomba ubadilishe?"

Hapo ndipo Noemi alipofanya kosa la pili. Akilini aliuona uso wa Adauto pale kibarazani.

"Hakuna, Kanali. Lilikuwa wazo langu."

Akaondolewa kwenye mradi siku ileile. Adauto akarudishiwa ndege: angeruka Jumatatu. Tume ikafunga maelezo, na ndimi zikafunguliwa: sasa waliruhusiwa kusemezana.

Jumamosi kengele ya mlango ikalia. Adauto alikuwa pale na shati lisilopigwa pasi, macho mekundu.

"Nilikukosea," akasema. "Nilikufokea kwa simu, na wewe ukaenda ukajichoma kwa ajili yangu. Nipige kofi."

"Ingia ndani, majirani wanasikiliza."

Wakakumbatiana pale pale mlangoni, wakalia wote wawili, bila kuoneana haya. Noemi akapika kahawa. Adauto hakuketi. Alikwenda dirishani, akarudi, akaenda, kisha akasimama ghafla kama aliyegongwa.

"Kanali ameniambia ulisema lilikuwa wazo lako."

"Kunywa kahawa."

"Noemi, mimi ndiye niliyekuomba."

"Kunywa kahawa, Adauto."

"Nilikuomba hapo, kwenye kile kibaraza! Nikakuambia achana na kamati!"

"Na wewe ukisema hivyo hutaruka!" Noemi akapiga meza. "Rubani wa majaribio anayemnong'oneza injinia nje ya utaratibu? Watakutupa. Nimeshatupwa mimi, inatosha. Mmoja anatosha!"

"Kwa hiyo nipande ndege juu ya mgongo wako."

"Panda! Nimekuinamia mwenyewe!"

"Na kesho rubani mwingine atamnong'oneza injinia mwingine, kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba ndivyo ilivyotokea. Brandão ana watoto watatu."

"Ukienda kwa Kanali," Noemi akasema, sauti imemshuka, "usirudi hapa."

Hakuyamaanisha. Nani asiyejua kwamba hakuyamaanisha? Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na Adauto akachukua funguo zake akatoka, kahawa haijaguswa. Jumapili nzima simu haikulia. Noemi aliosha kila kikombe alichokuwa nacho.

Jumatatu saa nne kasoro akawa kwenye uzio wa uwanja, nje, pale wanaposimama wapenda ndege na kamera zao. Alivaa koti jeusi na hakukumbuka skafu. Ndege ya kwanza ikapita kwenye njia ya kurukia kwa mngurumo uliomtikisa meno, ikainua pua, ikapanda. Akasema moyoni, huyo ni yeye, ameruka, asante Mungu. Na moyo huohuo ukamuuma kwa sababu ambayo hakutaka kuitazama: alikuwa ametamani asiruke.

Simu ikatetemeka mfukoni. Jina lilikuwa la Adauto.

"Uko wapi?" akauliza.

"Kwenye uzio. Wewe... wewe si uko huko juu?"

"Huyo ni Brandão. Mimi natoka kwa Kanali. Baki hapohapo."

Akamwona akija kwa miguu kwenye majani, upande wa ndani wa uzio, na sare ya kawaida ya ofisini, mikono mitupu. Akasimama mbele yake. Kati yao palikuwa na waya.

"Mwaka mmoja bila kuruka," akasema. "Nifundishe tu, chaki na ubao. Kisha watafikiria."

"Mpumbavu wewe."

"Najua."

"Nilikuokoa!"

"Uliniokoa na kosa langu mwenyewe, Noemi. Kila nikiifunga kofia ningelikumbuka, na ningeanza kukuchukia kidogo kidogo. Mimi sitaki kukuchukia."

Machozi yakamtoka Noemi na hakuyafuta. "Unajuta?"

"Najuta mpaka tumbo linauma." Akasogea karibu zaidi na waya. "Nikuoe, Noemi?"

"Sasa? Hapa? Nilisaini bila kutazama, nikadanganya tume, nikakufukuza nyumbani. Utaniamini vipi?"

"Sijui. Nitakuwa nakuuliza na wewe utanijibu."

"Hata likiwa jibu baya?"

"Hilo ndilo la kwanza."

"Basi jibu baya: nina hasira na wewe, na sijui zitaisha lini. Na nilipoiona ile ndege nilitamani usiwe wewe, na nikajiona mchawi." Akapenyeza vidole kwenye waya, akashika vya Adauto. "Na zuri ni kwamba nakupenda, na nakubali."

Ndege ya pili ikaja njiani. Adauto alijitahidi, alijitahidi kweli, kisha akashindwa, akainua macho. Noemi akamwacha aitazame mpaka ikawa nukta, mpaka ikawa hakuna. Ndipo akamwambia azunguke getini haraka, kwa kuwa yeye hawezi kuposwa na mtu aliye upande wa pili wa uzio.