Gari Lililolala Nyangoto

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Shamimu na mumewe Abubakari walipoiacha Nyamongo nyuma yao, bodaboda zikiwapita kushoto na kulia kama nzige. Miaka ile dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu. Kila mwenye sururu alikuwa anakwenda Nyamongo. Wao wawili hawakuwa na haja na dhahabu. Walikuwa wanajaribu GPS.

Gari lao lilikuwa Coaster kuukuu. Fundi wa Tarime aliling'oa viti, akaweka vitanda vinne, jiko la gesi, na tangi la maji juu ya paa. Walilikodisha kwa wageni wanaokwenda Serengeti, na wageni hao walilala humo njiani. Wageni wa mwisho walipotea, wakanasa kwenye matope mpaka wakavutwa na ng'ombe. Kundi jingine lilikuwa linakuja, na Abubakari aliapa kwamba safari hii hakuna mgeni atakayeondoka bila kifaa cha kumwonyesha njia.

Athanas, muuza redio na simu pale Tarime, aliwaazima viwili.

"Hiki kidogo ni cha magari ya kawaida, bei yake nafuu," alisema. "Hiki kikubwa ni cha malori na magari ya kulala kama lenu. Unakiambia urefu wa gari, upana na uzito, kinakukwepesha madaraja mabovu. Halafu kila unakopita kinachora mstari mwekundu. Zungukeni navyo, mkirudi mtaniambia mmechagua kipi."

Wakavipachika vyote kwenye kioo cha mbele. Walipofika pembeni ya kijiji cha Nyangoto, vikagombana. Kidogo kilisema nyoosha. Kikubwa kilisema geuza. Abubakari alishuka, akatembea mbele kidogo, akarudi anacheka.

"Kalavati limekatika. Kikubwa kimeshinda, mke wangu. Tulale hapa hapa, kesho tuzunguke."

Shamimu hakupapenda. Nyumba zilikuwa mbali. Upande wa kushoto palikuwa na rundo la udongo mwekundu, na nyuma yake shimo la wachimbaji lililozungushiwa miiba. Upepo ulipogeuka ulileta harufu ya udongo mbichi, wa chini kabisa, usiowahi kuona jua.

Alipoinua macho, bibi mmoja alikuwa amesimama dirishani.

Hakusikia hatua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Bibi alipitisha kiganja ubavuni mwa gari, taratibu, kama anayepapasa ng'ombe mnadani. "Linachukua watu wangapi hili?"

"Wanne, bibi."

"Na wakibanana?"

Shamimu alicheka kwa adabu. Bibi hakucheka. Alikuwa anamtazama Abubakari aliyekuwa akiwasha jiko.

"Dereva ndiye huyu?"

"Ndiye. Mume wangu."

"Ana sura ya upole," bibi alisema. Akaondoka. Hakuelekea kwenye nyumba. Alielekea kwenye miiba.

Walifunga milango, wakalala mapema. Usingizi uliomchukua Shamimu ulikuwa mzito kama gunia lililotupwa kifuani. Ndani ya usingizi huo alisikia mlango wa gari ukifunguka. Ukafungwa. Ukafunguka tena. Halafu akasikia watu wakihema... wengi... karibu na uso wake. Alitaka kumwita mumewe. Ulimi haukunyanyuka.

Alfajiri alizinduka. Sakafu yote ya gari ilikuwa nyekundu. Nyayo. Nyayo za miguu mitupu, za watu wazima, kutoka mlangoni hadi kwenye vitanda.

Abubakari alikuwa ameketi kwenye usukani. Macho wazi.

"Baba, vipi?"

"Mikono inaniuma," alinong'ona. "Kama nimeendesha usiku kucha."

Mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini, ilhali walikuwa wamejaza mafuta Nyamongo. Shamimu alishuka. Umande ulikuwa bado umeketi juu ya majani pande zote za gari. Hakuna jani lililolala. Magurudumu hayakuwa yamesogea hata kidogo.

Akapanda tena, akawasha vile vifaa. Kidogo kilionyesha gari limesimama tangu jana jioni. Kikubwa kilikuwa na mstari mwekundu mpya. Ulianzia kwenye miiba, ukaenda kwenye nyumba, ukasimama. Ukarudi kwenye miiba. Ukaenda nyumba nyingine. Ukarudi...

"Kipi kinasema kweli?" Abubakari aliuliza.

Shamimu alikichomoa kile kikubwa. "Twende tukaone."

Walitembea wakiufuata mstari katikati ya mihogo mpaka nyumba ya kwanza. Mlango ulikuwa umeegemezwa mtwangio, kinu na meza kwa ndani. Waliviona kupitia ufa. Walibisha hodi mara kadhaa ndipo sauti ya mwanamke ikatoka, imekauka.

"Kama ni wewe Kisyeri, nimekwambia nenda."

"Sisi ni wapita njia, dada."

Vitu vikaburutwa, na mwanamke kijana akachungulia. Aliitwa Waisiko. Macho yake yalikuwa yamevimba. Aliwaeleza kwa mkato, kama anayeogopa kusikiwa. Mumewe Kisyeri alifukiwa kwenye shimo lile wakati wa masika, yeye na wenzake, na hakuna aliyetolewa. Shimo lilizungushiwa miiba, basi.

"Jana usiku alibisha. Nilimjua kwa kikohozi chake. Aliniambia, fungua, nimeletwa na gari." Waisiko alifuta uso kwa kanga. "Sikufungua. Mungu anisamehe, sikufungua."

"Nani alifanya hivi?" Shamimu aliuliza.

Waisiko alinyoosha kidole kwenye nyumba ya nyasi ng'ambo ya korongo. "Muulizeni Mama Heche. Mwanawe yumo humo humo. Tangu masika anatafuta gari."

Mama Heche alikuwa yule bibi wa jana. Walimkuta nje, anasonga ugali. Sufuria lilikuwa kubwa kuliko mahitaji ya bibi wa peke yake.

"Karibuni," alisema, bila kushtuka. "Nawashukuru kwa gari."

"Ulitufanya nini?" Abubakari alifoka.

"Mura, kijana wangu, punguza sauti. Heche amelala."

Mlangoni mwa nyumba palining'inia pazia la kanga. Chini ya pazia Shamimu aliona miguu miwili imesimama. Imepauka. Imeganda udongo mwekundu mpaka magotini. Vidole vilikuwa vinajikunja taratibu, kama vinajifunza upya kukanyaga.

Alishika mkono wa mumewe kwa nguvu.

"Serikali ilikataa kuwatoa. Mwenye shimo alikataa. Nikawatoa mimi," bibi alisema. "Kila mmoja alijua kwao, nikawarudisha. Ila mmoja tu. Kijana wa mbali, alikuja kufuata dhahabu kama wengine, hakuna aliyejua jina lake wala kabila lake. Nani angempokea? Nikamwambia amfuate dereva."

Abubakari alianza kusoma Ayatul Kursi. Alikwama katikati.

Shamimu alikitazama kifaa mkononi. Aliisogeza ramani, ikatanuka. Mstari mmoja wa usiku ule haukurudi kwenye miiba. Ulitoka Nyangoto ukapanda mpaka Tarime, ukakata mitaa anayoijua, ukakoma.

Nyumbani kwao.

Mama mkwe wake alikuwa huko peke yake. Shamimu alipiga simu, vidole vikikosea namba.

"Shikamoo, Mama. Mmeamkaje?"

"Marahaba. Mbona unanong'ona? Na mumeo umemfanya nini? Kaja usiku, umeme umekatika, hasemi, amejaa udongo kama nguruwe. Nimemfulia nguo."

Abubakari alikuwa amesimama palepale kando yake.

"Yuko wapi sasa hivi, Mama?"

"Chumbani kwenu. Amelala."

Walinunua mafuta ya dumu kwa bodaboda mmoja, wakaenda mbio. Walipofika Tarime waliona kaptula imeanikwa kwenye kamba uani, imechanika matakoni. Haikuwa ya Abubakari. Kitandani kwao shuka lilikuwa limelowa, na godoro limebonyea umbo la mtu aliyejikunja.

Mama mkwe alimtazama mwanawe akiingia kwa mlango wa mbele, kisha akageuka kutazama mlango wa nyuma.

"Si umetoka sasa hivi? Umesema unakwenda kutafuta kazi, utarudi jioni."

Walijifungia. Adhana ya magharibi ilipokwisha, mtu alibisha.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Abubakari. Na Abubakari alikuwa kwenye mkeka, kiganja cha Shamimu kikiwa mdomoni mwake.

"Hodi... Mama, kuna baridi."

Mama mkwe alinyanyuka. Shamimu alimvuta kanga kwa mkono wa pili, akamtikisia kichwa. Yule mama alibaki ameinama hivyo hivyo, machozi yakimdondoka, maana ni sauti ya mwanawe ile, na ilikuwa inalia.

Halafu nyayo zilizolowa zikaizunguka nyumba, chap... chap... chap... mpaka alfajiri.

Wiki ile ile Coaster iliuzwa kwa mafundi, ikakatwa vipande. Shamimu na Abubakari walihamia mji wa Mugumu, wakajichanga, wakanunua gari jingine la wageni. Shamimu mwenyewe ndiye aliyerudi kwa Athanas.

"Nataka kile kidogo."

Athanas alishangaa. "Lakini kikubwa ndicho chenye akili."

"Ndiyo maana," Shamimu alijibu.

Mama mkwe alikataa kuhama. Walimbembeleza, walimtumia watu, alikataa. Alisema hawezi kuiacha nyumba ya marehemu mumewe. Anaishi peke yake mpaka leo. Kila Ijumaa Shamimu anampigia simu, anamuuliza anaendeleaje.

"Hatujambo," mama anasema. "Tumeshakula."

Shamimu hajawahi kumuuliza na nani.